Kuwalilia Wapendwa Ambao Hatukuwazika

Masomo: 2 Samweli 1:1-27, Kumbukumbu la Torati 34:5-8, 1 Wathesalonike 4:13-18



 

Tangu Goma ilipotekwa mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, nyumba nyingi kati yetu zimepokea simu ya msiba. Baba amekufa kijijini. Dada amekufa njiani. Majirani wamezika haraka, au hakuna anayejua mwili uko wapi. Nasi hatuwezi kwenda. Nauli hakuna, njia ina hatari, na mkimbizi anayerudi kule alikokimbia anaweza kupoteza uhai wake au hadhi yake ya ukimbizi. Asubuhi inayofuata mama anachukua beseni lake na kwenda sokoni, kwa sababu mwenye nyumba anangoja kodi na watoto wanangoja chakula. Msiba unakaa moyoni bila matanga, bila kaburi, bila hata siku moja ya kukaa chini na kulia.

Tena wako wanaotuambia kwamba Mkristo wa kweli halii. Wengine wanasema msiba umekuja kwa sababu ya dhambi ya nyumba yetu. Basi watu wanaficha machozi yao hata kanisani, na mwisho wanaanza kumficha Mungu pia. Katika somo hili tunataka kuona jambo moja: kuwalilia wafu wetu mbele za Mungu ni sehemu ya kushika imani, hata kama hatukuona mwili wala kutupa udongo kaburini.

1. DAUDI ALIPATA HABARI YA MSIBA AKIWA UKIMBIZINI

Tukisoma 1 Samweli 27 tunaona kwamba Daudi alikuwa amekimbia nchi yake kwa kumwogopa mfalme Sauli. Alikaa Siklagi, katika nchi ya Wafilisti, kwa ruhusa ya mwenyeji wake. Katika sura ya 30 mji huo ukachomwa moto, wake na watoto wakachukuliwa mateka. Daudi na watu wake walilia mpaka nguvu za kulia zikawaishia. Halafu Daudi akajitia nguvu katika Bwana, Mungu wake. Angalieni utaratibu huo. Kwanza machozi, kisha nguvu. Biblia haikuyaruka machozi.

Siku chache baadaye akaja mtu kutoka vitani na habari kwamba Sauli na Yonathani wamekufa mlimani Gilboa. Daudi hakuwa kwenye maziko. Waliozika ni watu wa Yabesh-Gileadi, ambao walitembea usiku kucha kwenda kuichukua miili (1 Samweli 31:11-13). Daudi alifanya nini huko mbali? Aliyararua mavazi yake, akalia, akafunga mpaka jioni, na watu wake wote pamoja naye. Kisha akatunga wimbo wa maombolezo, akawataja marehemu kwa majina, akasema mema yao, akaagiza wimbo huo wafundishwe watoto wa Yuda. Baadaye akatuma ujumbe wa shukrani na baraka kwa wale waliozika (2 Samweli 2:4-6).

Kumbe hata ugenini mtu anaweza kuomboleza kwa heshima. Daudi hakuwa na mwili mbele yake, lakini alikuwa na majina, na watu wa kulia pamoja naye, na Mungu wa kumsikiliza.

Musa naye alizikwa bondeni katika nchi ya Moabu, na hakuna mtu aliyelijua kaburi lake. Hata hivyo Israeli walimlilia siku thelathini. Matanga ya siku thelathini bila kaburi! Mungu hakuwakemea.

2. PAULO HAKATAZI MACHOZI

Ndugu wengi hutumia 1 Wathesalonike 4:13 kuwanyamazisha wafiwa. Tusome vizuri. Paulo anasema tusihuzunike kwa namna ya wale wasio na matumaini. Hasemi tusihuzunike kabisa. Yesu mwenyewe alijua kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia karibu na kaburi (Yohana 11:35). Kama machozi yangekuwa kukosa imani, Bwana wetu asingelia.

Huzuni yenye matumaini inaweza kuwa na sauti kubwa. Tofauti yake ni kwamba inalia ikimwelekea Mungu, na inajua kwamba Kristo aliyekufa amefufuka.

3. KABURI LA WAZI PALE NAMIREMBE

Hapa Kampala, safari ya teksi moja au mbili kutoka Nakawa, kuna kilima cha Namirembe. Yaliyotokea pale mwaka 1977 yanatuhusu sana.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, wilaya ya Kitgum. Mwaka 1974 akawa askofu mkuu wa Waanglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Boga iko kwetu, Ituri. Kwa hiyo alikuwa mchungaji wa watu wa pande zote za mpaka. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 Februari 1977 alikamatwa, akauawa. Serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Watu hawakuamini.

Waumini walichimba kaburi Namirembe, kando ya kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Lakini mwili haukuletwa. Askari waliupeleka Mucwini ukazikwa huko, na ibada ya kumkumbuka ikakatazwa. Jumapili tarehe 20 Februari maelfu walifika Namirembe kwa ibada ya kawaida ya Jumapili. Baada ya ibada walitoka nje, wakasimama kulizunguka lile kaburi lisilo na mwili, wakaimba. Walikuwa na hofu, maana wapelelezi walikuwa kila mahali. Hawakungoja wapewe mwili ndipo waomboleze. Na mbele ya kaburi tupu Mkristo hawezi kukosa kukumbuka kaburi lingine, lile la asubuhi ya Pasaka.

Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko Uganda nzima kwa kumkumbuka Luwum. Mamlaka iliyouficha mwili wake ilianguka mwaka 1979. Jina lake halikufichika.

4. JE, KAMA HATUJUI YUKO HAI AU AMEKUFA?

Huu ndio uchungu wa nyumba nyingine kati yetu. Mume alibaki nyuma siku ya kukimbia. Mtoto alipotea katika umati. Hakuna simu, hakuna shahidi.

Yakobo aliletewa kanzu yenye damu akaamini kwamba Yusufu ameraruliwa na mnyama, akakataa kufarijiwa (Mwanzo 37:31-35). Kumbe Yusufu alikuwa hai Misri. Hatusemi kwamba kila aliyepotea atarudi kama Yusufu. Hiyo ingekuwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Lakini tusimlazimishe mama kufanya matanga ya mtu ambaye kifo chake hakijathibitishwa, wala tusimkaripie kwa sababu bado anangoja. Kungoja na kulia vinaweza kukaa katika moyo mmoja. Tuombe pamoja naye kwa jina la yule aliyepotea.

Pia tujihadhari na wale wanaouza majibu. Mtu akikuambia utoe sadaka kwanza ndipo akuonyeshe katika maono kama mumeo yuko hai, mwache. Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu waliopotezana kwa ajili ya vita, na huduma hiyo hailipiwi. Nenda na majina kamili, mahali mlipoachana na tarehe.

5. MACHOZI NA CHUKI

Daudi alimlilia Yonathani rafiki yake, lakini alimlilia pia Sauli aliyemwinda miaka mingi. Hilo ni gumu. Kanisani mwetu tumeketi benchi moja na watu wa makabila ambayo huko nyumbani yamewindana. Msiba usipoliliwa hugeuka kuwa sumu, na sumu hiyo humwagwa kwa jirani ambaye hakuua mtu.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, rafiki wa Luwum, alikimbia mwezi huohuo wa Februari 1977. Yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku mpaka Rwanda. Naye akawa mkimbizi. Katika kitabu alichokitoa mwaka huo alisema kwamba anampenda Idi Amin, akaeleza jinsi uchungu ulivyokuwa ukimla moyo mpaka alipoupeleka msalabani. Hakusema kwamba Amin hana hatia. Aliendelea kuyasema wazi maovu yaliyotendeka. Mwaka 1979 alirudi akasaidia kujenga nchi upya. Kusamehe hakufuti madai ya haki, wala hakuji kwa siku moja. Tusimharakishe mfiwa. Tumwombee, na tukatae kuwafundisha watoto wetu chuki ya kabila.

6. TUFANYE NINI SASA?

a) Nyumba iliyopata habari ya msiba ijulishe kanisa siku hiyohiyo. Tuje tukae pamoja nao, hata kama chumba ni kimoja na wengine wataketi nje. Tuje na sukari, makaa na unga, tusije na mikono mitupu na maneno mengi.

b) Tufanye ibada ya maombolezo hata bila mwili. Jina la marehemu litajwe, na mahali alipozaliwa, na jambo moja jema alilolifanya. Jina liandikwe katika daftari la kanisa ili watoto walione kesho.

c) Kama yuko mtu aliyewazikia wapendwa wenu kule nyumbani, mpigieni simu mumshukuru, kama Daudi alivyowashukuru watu wa Yabesh-Gileadi.

d) Watoto waambiwe kweli kwa maneno wanayoweza kuyabeba. Mtoto akiambiwa kwamba baba amesafiri, atamngoja, na siku atakapojua hatatuamini tena.

e) Mtu akikosa usingizi kwa wiki nyingi, akisikia milio ya risasi isiyokuwepo, au akisema afadhali afe, tusimwache na maombi peke yake. Hospitali ya Butabika iko hapahapa Nakawa. Watu hulitaja jina hilo kwa mzaha, lakini daktari wa akili ni sawa na daktari wa malaria. Tumsindikize, tumngoje, tumrudishe nyumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni nani katika jamaa yetu ambaye hatujapata kumlilia? Tumtaje kwa jina.
2. Kwa nini Daudi aliagiza watoto wafundishwe wimbo wa maombolezo? Watoto wetu wanajua nini juu ya wale tuliowaacha?
3. Soma 1 Wathesalonike 4:13-18. Ni maneno gani hapo yanatupa tumaini, na ni maneno gani watu hutumia vibaya?
4. Je, yuko jirani ambaye tumemtupia uchungu wetu bila kosa lake?

MAOMBI

Ee Bwana Mungu wetu, wewe ulimzika Musa mahali ambapo hakuna mwanadamu anayepajua. Wewe unajua kila bonde, kila msitu na kila kando ya barabara walikolala watu wetu. Pokea machozi yetu. Uwalinde waliopotea na utupe subira ya kuwangoja. Utuepushe na chuki. Siku ile tarumbeta itakapolia, utukutanishe pamoja nao mbele zako. Katika jina la Yesu, aliye ufufuo na uzima. Amina.