Kabla Hujanunua Ubao wa Mawimbi

Kila upepo wa kusi unapokaribia naulizwa swali lile lile: ubao gani ni mzuri? Nami hujibu kwa maswali. Utapanda wapi, miezi gani, na una kilo ngapi? Mtu akinijibu hayo, nusu ya mbao zinazouzwa zinajiondoa zenyewe, hata bei haijatajwa.

Nianze na bahari, kwa kuwa ndiyo wanunuzi wengi wanayoiruka. Video wanazozitazama zimepigwa Hawaii, Indonesia au Jeffreys Bay kule Afrika Kusini, ambako wimbi limezaliwa na dhoruba ya mbali, likasafiri maelfu ya kilomita na kufika limejipanga, lina mgongo mrefu na nguvu tele. Huku kwetu, kati ya Malindi na Mambrui, mawimbi mengi ni ya upepo wa hapa hapa. Kusi ikishika, bahari inachafuka, wimbi linafuata jingine baada ya sekunde chache, halina subira, na linapasukia kwenye mchanga. Asubuhi na mapema, upepo ukiwa bado mdogo, ndiyo saa ya kuingia. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya haina hata hayo: Diani, kwa mfano, wimbi linafia kwenye mwamba mbali huko nje, na ufukweni panabaki maji ya kuogelea. Malindi tuna uwazi kwa sababu Mto Sabaki unamwaga tope, na matumbawe hayastawi penye tope. Kwa hiyo tunapata mawimbi, na maji ya kahawia tunayavumilia. Kaskazi ikirudi bahari inatulia, mbao zinapanda darini.

Wimbi la namna hii halikubebi bure. Wewe ndiye unayelikimbilia, na ukichelewa kidogo limekupita. Ndiyo maana nasema ubao wa kwanza, na kwa wengi hata wa pili, uwe ule unaoelea sana na kushika mwendo upesi. Mengine yote yanafuata hapo.

Sasa kilo. Mbao nyingi za siku hizi huandikwa namba upande wa chini: urefu kwa futi na inchi, upana, unene, halafu lita. Macho ya watu hukimbilia urefu. Tazama lita, maana hizo ndizo zinazokwambia utaelea kiasi gani. Kwa anayeanza, kipimo changu ni kwamba lita zisipungue kilo zake. Una kilo 70, tafuta lita 70 au zaidi. Utazipata kwenye ubao wa futi 8 wenye upana wa inchi 22 na kuendelea. Ukishaweza kusimama bila kufikiri na kugeuza kushoto na kulia, anza kushuka polepole, labda hadi lita 45 au 40. Yule bingwa wa mashindano mwenye kilo 75 amesimama juu ya lita 26 hadi 28 tu. Ulalie ubao wake uone: unazama mpaka kifuani, mikono inachota maji na huendi popote. Mwenzako ameogelea na ubao tangu utotoni, na wimbi lake lina nguvu kuliko letu.

Najua vijana wanaona haya kutembea ufukweni na ubao mkubwa wa sponji. Wanauita wa watalii. Basi, waache waone haya. Mwenye ubao huo ndiye anayepata mawimbi yote ya asubuhi wakati wao wanahangaika kupanda.

Mtoto mdogo hahitaji gharama yote hii. Mpe kipande cha ubao cha kulalia kwa tumbo, aizoee bahari kwanza. Wala si jambo geni Afrika: katika miaka ya 1640 Mjerumani Michael Hemmersam aliandika kwamba wazazi katika pwani ambayo leo ni ya Ghana waliwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatia majini wajifunze kuogelea. Hiyo ya kufunga siishauri.

Umbo lina mambo mengi, lakini kwa bahari yetu unaweza kuyapunguza. Laza ubao chini uutazame kwa ubavu. Ulioinuka sana omo na tezi umetengenezewa wimbi linalosimama wima, ili usichome maji wakati wa kushuka. Kwenye wimbi letu fupi ubao huo unayasukuma maji mbele yake na kukwama. Chukua ulionyooka zaidi. Mkia uwe mpana. Mkia mwembamba uliochongoka waachie wapanda mawimbi makubwa.

Kwenye mapezi nitakaa kidogo. Mpangilio wa mapezi matatu ulienea baada ya Simon Anderson wa Australia kushinda nao Bells Beach mwaka 1981. Kabla ya hapo washindani wengi walitumia moja au mawili. Mbao ndefu za futi 9 bado hupenda pezi moja kubwa, la inchi 9 au 10 hivi, na kwenye maji yenye kina linapendeza sana. Ila huku tunapanda mahali ambapo maji ni ya kiunoni. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na ukiingia maji yakipwa, pezi la inchi 10 litakwama mchangani na wewe utaendelea na safari peke yako. Chukua mapezi matatu mafupi yanayofunguliwa, na kama unaanza yawe laini ukingoni. Yale ya plastiki ngumu yanachana mguu wako, au wa mtoto wa mtu aliyekuwa akiogelea karibu.

Ukifika kwenye ubao wa pili, fikiria ule wanaouita samaki: mfupi, mpana, ulionyooka, mkia wenye panda na mapezi mawili. Steve Lis wa San Diego, California, aliubuni mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kupanda akiwa amepiga magoti, kisha waliosimama wakaona unavyokimbia kwenye wimbi dhaifu. Ni kama ulitengenezewa Mambrui.

Kuhusu malighafi, nikuonye jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Mbao ngumu ni za aina mbili kubwa. Kuna zenye povu la poliuretani ndani, zilizofunikwa kwa faibaglasi na resini ya poliesta. Na kuna zenye povu la polistirini, zilizofunikwa kwa epoksi. Za pili ni nyepesi na haziumbuki upesi, na zilizidi kupata wateja baada ya Desemba 2005, kampuni ya Clark Foam ya California, iliyokuwa ikiwauzia mafundi wengi wa Marekani povu la poliuretani, ilipofunga milango ghafla. Sasa, ubao ukipasuka huku pwani utampelekea nani? Fundi wa boti za faiba. Naye mkebe alionao mara nyingi ni wa poliesta, ambayo ikigusa polistirini inalila povu mpaka panabaki shimo. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza ndani kuna nini. Kama huna pa kupata epoksi, ubao wa poliuretani utakupunguzia maumivu ya kichwa, hata ukiwa mzito kidogo. Wa sponji juu hauna presha hiyo: ukitoboka kidogo unazibwa, lakini sponji ikianza kubanduka kutoka ndani, umekwisha.

Mbao nyingi zinazouzwa huku zimeachwa na wageni, na si vibaya kununua uliotumika. Mwambie muuzaji akwangue nta yote kwanza, maana chini yake ndiko nyufa zinakojificha. Bonyeza sehemu ya kusimamia kwa kidole gumba. Ikibonyea na kurudi, ngozi imeachana na povu. Angalia kuzunguka mashina ya mapezi. Tafuta mstari uliokatiza ubao kutoka ukingo hadi ukingo: huo uliwahi kukunjika na utavunjikia hapo hapo. Unyanyue. Ukiwa mzito kuliko unavyoonekana, umekunywa maji. Rangi ya njano peke yake isikuogopeshe, ni jua tu.

Na jua lenyewe ni adui. Usiuache juu ya gari mchana, wala kuulaza kwenye mchanga nta ikitazama juu. Joto linapanua hewa iliyomo ndani na kuvimbisha ngozi, hasa kwenye mbao za polistirini. Chini ya makuti panatosha. Nunua mweupe, wa rangi nyeusi unapika povu lake mwenyewe.

Kamba ya mguuni iwe na urefu unaokaribia wa ubao, isiwe ya mpira unaovutika ovyo. Jack O'Neill, yule wa suti za mpira za kuingilia baharini, alipoteza jicho mwaka 1971 ubao uliporudishwa na kamba ya namna hiyo. Nta nunua iliyoandikwa ya maji ya joto. Ile ya maji baridi inayeyuka mikononi kabla hujafika ufukweni.