ELIMU KWA WANANCHI: KUMVUTA MNYAMA KARIBU BILA KUMSOGELEA

Wakazi wa kata zetu zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara wamejaliwa mandhari ambayo wageni huvuka bahari kuja kuyatazama: heroe kandokando ya maji, viboko, tembo, na simba wanaosifika kwa kupanda miti. Vijana wetu wengi waongozao wageni sasa wanamiliki kamera, na wapo wanaojipatia riziki kwa picha. Kikwazo chao ni kimoja: lenzi ndefu za kupigia picha wanyama ni ghali mno. Ndipo wanaposhawishika kununua telekonveta. Makala haya yanaeleza kifaa hicho hufanya nini, hudai nini, na namna ya kukipima kabla ya kutoa fedha.

Telekonveta ni nini?

Ni kipande kidogo chenye vioo ndani yake, kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili kukuza taswira. Zilizo maarufu ni za aina mbili: ile inayokuza mara 1.4 na ile inayokuza mara 2. Lenzi ya zumu ya milimita 70 hadi 300 ikifungwa telekonveta ya 1.4 hufikia milimita 420. Ikifungwa ya 2 hufikia milimita 600. Umbali wa chini ambao lenzi inaweza kulenga haubadiliki.

Gharama isiyoandikwa kwenye bei

Ukuzaji huo hulipiwa kwa nuru. Telekonveta ya 1.4 hupunguza nuru kwa nusu, na ya 2 hubakiza robo tu. Kwa hiyo lenzi ambayo tundu lake ni f/5.6 katika milimita 300 huwa f/8 kwa ile ya kwanza, na f/11 kwa ile ya pili.

Tuchukue mfano. Jioni unapiga picha ya ndege kwa f/5.6, kasi ya 1/500 ya sekunde na ISO 800. Ukifunga telekonveta ya 1.4 na kutaka kasi ileile, itakubidi upandishe ISO hadi 1600. Kwa ile ya 2, hadi 3200. Kadiri ISO inavyopanda, ndivyo chembechembe zinavyojitokeza kwenye picha. Zaidi ya hayo, taswira ikikuzwa, mtikisiko wa mkono nao hukuzwa, hivyo kasi iliyotosha awali huenda isitoshe tena.

Ulengaji nao huathirika. Kamera nyingi za zamani zenye kioo hushindwa kulenga zenyewe tundu likiwa jembamba kuliko f/5.6, nyingine hufika f/8. Kamera mpya zisizo na kioo huvumilia zaidi, nyingi hata f/11.

Si kila lenzi hukubali

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Baadhi ya telekonveta zina mdomo unaoingia ndani ya lenzi. Lenzi nyingi za bei nafuu zina kioo cha nyuma kilicho karibu na mlango wake, hivyo viwili hivyo hugongana na kukwaruzana. Kwa mfano, telekonveta za Canon za EF hazikubaliani na lenzi ya kawaida ya EF 70-300mm IS, ilhali hukubaliana na EF 70-200mm f/4L, ambayo kwa ile ya 1.4 hufikia milimita 280 kwa f/5.6. Soma orodha ya mtengenezaji kabla ya kununua, wala usilazimishe kisichoingia.

Jaribio la dukani

1. Nenda na kamera yako na lenzi yako mwenyewe.
2. Iweke kamera juu ya kitu imara, ulenge bango lenye maandishi ng'ambo ya barabara, zumu ikiwa imevutwa hadi mwisho.
3. Piga picha moja bila telekonveta, kisha nyingine ukiwa umeifunga.
4. Ikate ile ya kwanza hadi maandishi yalingane kwa ukubwa na ya pili, kisha uzilinganishe.

Ikiwa picha iliyokatwa inasomeka sawasawa na nyenzake, tunza fedha zako. Kamera ya megapikseli 24, picha yake ikikatwa kwa kiasi cha mara 1.4, hubaki na takribani megapikseli 12, nazo zatosha kuchapa ukurasa wa A4. Ikikatwa kwa mara 2 hubaki 6. Hapo ndipo telekonveta njema juu ya lenzi njema huweza kuonyesha faida yake.

Wenye kipato kidogo waanze na ile ya 1.4. Mfuko mdogo uliojazwa mchele au maharage, ukiwekwa dirishani mwa gari injini ikiwa imezimwa, hutuliza lenzi kwa gharama ndogo. Epuka adhuhuri, kwani mvuke wa joto unaopanda kutoka ardhini huharibu picha ya kitu kilicho mbali, hata lenzi iwe bora kiasi gani.

Usalama kwanza

Thamani ya kweli ya kifaa hiki ni kukuacha ulipo. Tembo akitandaza masikio na kukugeukia, umekwisha kuwa karibu mno. Rudi nyuma taratibu. Usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Aliyeharibiwa shamba hana haja ya kumfuata mnyama ili apate ushahidi: nyayo na mazao yaliyolala hupigwa picha kwa simu asubuhi, wanyama wakiwa wameondoka, kisha taarifa ipelekwe mapema kwa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Wanyamapori.

Picha iliyokosekana leo yaweza kupatikana kesho, uhai haurudi.