Nyaya za Betri ya Trekta Kuukuu

Mkulima wa Bukoba na Muleba, trekta lako likikataa kuwaka msimu wa kulima, usiharakishe kutoa fedha ya kahawa kununua betri mpya. Tazama nyaya kwanza.

Stata huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi. Waya mwembamba hushindwa kuupitisha, hupata moto, na stata huzunguka kwa ulegevu. Basi chagua waya mnene wa shaba, usiwe mrefu kupita haja. Trekta la volti 6 lataka waya mnene kuliko lile la volti 12, kwa kuwa kazi ile ile huhitaji mkondo maradufu.

Hapa kando ya Ziwa Viktoria mvua ni nyingi, na vifungo huota kutu upesi. Fanya hivi:

1. Zima injini. Fungua kwanza waya ulioshikizwa kwenye mwili wa trekta, nao urudishe mwisho. Ukianza na mwingine, spana ikigusa chuma hutoa cheche, na hewa itokayo katika betri yaweza kulipuka.
2. Osha vifungo kwa magadi na maji, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa, kisha kausha.
3. Waya wa mwili ushikapo, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae.
4. Kaza barabara, kisha paka grisi juu.

Ukiisha kujaribu kuwasha, gusa vifungo kwa hadhari: penye moto ndipo penye ubovu.