Kukarabati Mashua Kuukuu ya Uvuvi wa Nyumbani: Fundi wa Vyombo Ajibu Maswali

Katika pwani yote iliyo baina ya Malindi na Kipini, ambako bahari hupokea matope ya Sabaki na ya Tana na kwa sababu hiyo ikawa na kamba na samaki wengi, ni nadra kupita bandari ndogo, iwe Mambrui, Ngomeni au Marereni, bila ya kuona mashua iliyopandishwa mchangani zamani, imelalia ubavu, na wenyewe wakinuia kuirudisha majini msimu ujao. Aghalabu wenye vyombo hivyo hukaa mbali kidogo na maji, huko Adu na viunga vyake, wakilima na kufuga, na mashua kwao ni akiba ya kitoweo zaidi kuliko biashara. Maswali yafuatayo yametoka kwa watu wa namna hiyo, nami nimeyajibu kwa kadiri ya kazi niifanyayo.

*Fundi, marehemu baba alituachia mashua ya futi 22, nayo imekaa juu ya mchanga misimu kadhaa. Je, yafaa kukarabatiwa, au nipasue kuni?*

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Kabla hujaitazama rangi, wala mbao za ubavuni ambazo ndizo kila mpita njia huzitazama, inama chini uukague mkuku. Funga uzi kutoka omo hadi shetri, uukaze, kisha uangalie kama mkuku umefuata uzi au umepanda katikati na kushuka ncha mbili. Maana chombo kilicholala vibaya kwa muda mrefu huvunjika mgongo kidogokidogo, na hapo hakuna fundi awezaye kukurudishia umbo lake la awali kwa gharama iliyo chini ya kuunda kingine. Mkuku ukiwa sawa, ingia ndani na nyundo ndogo, upige taruma moja baada ya jingine: taruma zima hutoa sauti kavu, yenye mlio, lililooza huitika kwa kishindo kizito kisichokwenda mbali. Palipo na shaka chomeka ncha ya kisu, nayo ikizama bila ya kukinzwa, tia alama ya chokaa mahali hapo.

Usistaajabu ukikuta uozo mwingi umekaa ndani na juu, si chini kwenye maji ya bahari. Chumvi huuhifadhi mti. Adui wa mashua iliyopandishwa ni maji ya mvua, yanayotuama katika ngama na kwenye maungio ya mataruma na mkuku, yakakaa humo mwezi mzima bila ya jua kuyafikia. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, hata kabla ya kumwita fundi, ni kuifunika mashua kwa makuti huku upepo ukipita chini yake, na kuzibua tundu la kutolea maji.

Nami kipimo changu ni hiki: mkuku mzima, fashini nzima, na mataruma mabovu yasiyozidi thuluthi moja, karabati bila ya kusita. Yakizidi nusu, chukua misumari, usukani na foromali, ukavitie katika chombo kipya.

*Kazi hii ifanywe msimu gani?*

Wengi hungoja kaskazi kwa kuwa jua ni kali na mvua hakuna, lakini huo ndio wakati bahari imetulia na nguru na jodari wako karibu, na kuiweka mashua nchi kavu wakati huo ni kujinyima. Mimi nashauri kuianza kazi masika yakiisha, mwezi wa saba na wa nane, pale kusi inapovuma kwa nguvu na vyombo vidogo havina la kufanya nje ya miamba. Joto wakati huo ni la wastani, na hilo lina faida kubwa nitakayoieleza nikifika kwenye kalafati. Ukijaliwa, mashua itakuwa majini upepo ukigeuka kuwa matlai.

Kuipandisha na kuishusha ngojea bamvua, yaani siku zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo baina ya maji kujaa na kupwa hupatikana tofauti ya zaidi ya mita 3 katika pwani yetu. Bahari itakufanyia kazi ambayo vinginevyo ingetaka kijiji kizima.

*Mbao gani nitumie, na nizipate wapi?*

Kwa mbao za ubavu, mvule na mbambakofi ndiyo miti iliyosifiwa na waliotutangulia, na hata leo hakuna iliyoipita. Ila imeadimika, na bei yake imepanda. Mwembe watumika sana, ni mwepisi kuranda, lakini haudumu kwa kiasi hicho, basi uutumie juu ya mstari wa maji, mahali ambapo kuubadilisha tena hakuna taabu. Mataruma ndiyo yanayotaka akili. Taruma halikatwi katika ubao ulionyooka kwa msumeno kufuata mviringo, kwa kuwa nyuzi za mti zitakatika katikati na taruma litapasuka katika wimbi la kwanza zito. Latafutwa tawi au shina lililojipinda lenyewe kwa kiasi kinachotakiwa, kisha likachongwa kwa tezo hata likalalia ubao bila ya mwanya. Mikoko na mwarobaini hutoa mipindo hiyo vizuri. Mwarobaini umejaa mashambani kwenu Adu, na kwa hakika ningeupendelea, maana mikoko haikatwi ila kwa idhini ya Shirika la Huduma za Misitu, na pia ndiyo kitalu cha kamba na samaki wale wale unaokusudia kuwavua.

Usibadilishe mataruma yote mara moja. Ng'oa moja, tia jipya, ndipo uende kwa la pili. Ukiyatoa yote, mbao zitafunguka na umbo la mashua litapotea mbele ya macho yako.

Ama misumari, nunua ya chuma iliyopakwa zinki, izungushie uzi wa pamba chini ya kichwa na kuichovya mafutani kabla ya kuipigilia, wala usichanganye chuma na shaba katika ubao mmoja, kwani maji ya chumvi yakizikutanisha hizo mbili, chuma huliwa upesi. Ule msumari wa zamani unaotoa mchirizi mwekundu juu ya rangi umekwisha kuliwa ndani. Utoe, utoboe tundu jipya kando kwa keekee, na la zamani ulizibe kwa kigingi cha mti.

*Tuelezee habari ya kalafati. Kila fundi anayekuja anasema lake.*

Naam, na hapa ndipo mashua nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema. Mbao zikikaa juani hunywea, na baina ya ubao na ubao hutokea mwanya ambao kidole cha mtoto chaweza kuingia. Mwenye haraka akiuona hushika pamba akaishindilia kwa chembeu na nyundo hata usibaki upenyo, akafurahi. Mashua ikishuka majini, mbao hunywa maji na kuvimba. Pamba iliyoshindiliwa haina pa kwenda, basi mbao husukumana, misumari ikang'oka na mataruma yakapasuka, na mwenye chombo akadhani amerogwa.

Njia iliyo salama ni kuzirudishia mbao unyevu wake kwanza. Zifunike kwa magunia yaliyolowa maji ya bahari, asubuhi na jioni, juma zima au zaidi, hata mianya ipungue; na hiyo ndiyo faida ya joto la wastani niliyoiahidi, kwani jua kali lingezikausha tena. Ndipo uitwae pamba safi, uisokote juu ya paja iwe uzi mrefu usio na mafundo, uichovye katika mafuta ya nazi, na kuilaza katika mwanya kwa chembeu, ukigonga kwa mkono mwepisi, kutoka chini kwenda juu, kutoka omo kwenda tezi. Sikiliza chembeu: mwanzoni mlio ni wa kufifia, na pamba ikikaa barabara mlio hupanda na kuwa mkali, hapo acha, usiongeze hata nyundo moja. Acha pamba izame kidogo chini ya uso wa ubao, na mwanya uliobaki ujazwe kwa mchanganyiko wa chokaa na mafuta.

Chini ya mstari wa maji, deheni ya shahamu ya ng'ombe na chokaa bado yafaa, na kwenu Adu shahamu haikosekani. Ila lazima ipakwe upya kila baada ya miezi michache. Kabla ya kuipaka, pitisha moto wa makuti makavu chini ya mashua, kwa haraka, bila ya kuuacha mahali pamoja, ili wafe wale wadudu wa bahari wanaotoboa mbao kutoka ndani huku nje paonekane tundu dogo kama la sindano. Zamani ubavu wa juu ulipakwa sifa, mafuta ya ini la papa. Papa wamepungua mno. Rangi ya mafuta yatosha.

*Vijana wangu wanataka tuivike faiba juu ya mbao kuukuu. Wengine wanataja ile Flipflopi ya Lamu iliyoundwa kwa plastiki.*

Faiba ni nzuri kwa boti lililoundwa kwa faiba tangu mwanzo. Kuuvika ubao wa zamani, ulioshiba maji na mafuta, ni kuufungia ugonjwa ndani: gamba halishiki, na ubao hupanuka na kunywea kila siku ilhali faiba imesimama, hata ufa utokee, maji ya mvua yaingie yasiweze kutoka. Ukaja kuyafahamu hayo siku ubao ukigeuka unga mkononi.

Ama Flipflopi, ni kazi ya kusifiwa. Mafundi wa Lamu waliishua mwaka 2018, imeundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndara zilizotupwa pwani, na mwaka 2019 ikasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Lakini mbao zake na mkuku wake vilitengenezwa makusudi kwa chombo kile, kwa ustadi na gharama. Havipigiliwi kiraka katika mashua ya mvule.

*Watoto ni wadogo. Je, nikifunga mapipa matupu kila upande, mashua haitatulia zaidi?*

Nia yako naielewa, na wanaofanya hivyo wameitazama ngalawa na matengo yake mawili. Lakini ngalawa ni gogo jembamba ambalo bila ya matengo lingepinduka papo hapo, na kila kipande chake kimepangwa kwa ajili hiyo: miti inayoyashika matengo imefungwa kwa kamba ili inepe, na tengo lenyewe huyagusa maji kwa ubapa tu. Pipa lililofungwa ubavuni mwa mashua hufanya kinyume. Kila wimbi hulinyanyua kwa nguvu na kuung'oa ubao wa juu, yaani ule ule uliotoka kuutengeneza. Vitu vinavyobebwa na maboya huundwa hivyo toka mwanzo, mfano daraja la zamani la Nyali, lililofunguliwa 1931 na kuelea juu ya mapantoni hata lilipojengwa la sasa mwaka 1980.

Utulivu wa mashua umo katika upana wake na katika farumi. Tia magunia ya mchanga chini kabisa, karibu na mkuku, yafungwe yasisogee, na watu wakae chini, si juu ya ukingo. Mapipa madogo yaliyozibwa yana manufaa ndani, chini ya viti vya omo na tezi, kwani siku mashua ikijaa maji yatazuia isizame.

*Tanga au mashine?*

Vyote viwili. Mashine ya farasi 15 yatosha kabisa kwa futi 22. Kubwa zaidi huivunja shetri ya zamani kwa mtetemo wake, na petroli hula kitoweo chote. Kabla ya kuifunga, uimarishe ubao wa shetri kwa magoti ya mti yanayouunganisha na mbao za ubavu. Mlingoti, foromali na tanga usiviache nyumbani kamwe, na mmoja wa watoto afundishwe jarari na demani, maana mashine ikizimika nje ya Ras Ngomeni pepo za kusi hazitakungoja uitengeneze.

*Sheria zinatutaka tufanye nini, na tuvue wapi?*

Kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016, chombo cha uvuvi sharti kisajiliwe na kipate leseni, nawe uanze kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo wa bandari yako, ambao watakuelekeza. Mamlaka ya Bahari, KMA, hukagua usalama wa chombo, na jaketi za uokoaji ziwe kwa hesabu ya watu wote, za watoto zikiwa za kipimo chao. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Juya limekatazwa tangu 2001. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, havuliwi kitu. Kwa watu wa nyumbani mshipi na dema vyatosha: changu, tafi na tewa kwenye miamba, na siku bahari ikiwa shwari, kolekole kwa mshipi wa kuburura.

*Siku ya kuishua, tutarajie nini?*

Itavuja, nawe usifadhaike. Ishushe maji yakijaa, uifunge pwani mahali ambapo maji yakipwa itakaa juu ya mchanga laini, na usiku wa kwanza alale mtu ndani akiwa na upo, afue ngama kila inapobidi. Mashua iliyokalafatiwa vyema huvuja sana siku ya kwanza, kidogo siku ya pili, na ikifika siku ya nne ngama yapasa kuwa na maji ya kulowesha nyayo tu. Ikiwa bado yaingia kwa kasi, maji yakipwa zunguka nje na utazame palipo na unyevu unaochuruzika kutoka ndani. Hapo ndipo penye kasoro, na mahali hapo peke yake ndipo pa kutia chembeu. Safari ya kwanza iwe ya watu wazima, ndani ya miamba, wakati maji yanajaa.