SOMO LA AFYA: UPELE HAUTIBIWI KWA MTOTO MMOJA



Leo tunajifunza juu ya magonjwa ya ngozi ya watoto. Huku kwetu Eastlands, kuanzia Mathare na Korogocho hadi Dandora na Kayole, familia nyingi huishi chumba kimoja, na watoto watatu wanne hulala kwa godoro moja. Likizo ikifika, watoto hao hao wanakwenda kwa nyanya mashambani. Kwa hivyo somo hili ni letu na ni lenu pia.

1. Tujue tofauti

Upele huletwa na mdudu mdogo sana. Jike huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai, nayo huanguliwa kwa siku 3 au 4. Mtoto hujikuna zaidi usiku. Angalia katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kwapani na makalioni.

Choa na mapunye ni kuvu, si mdudu. Mapunye ya kichwani yanataka vidonge vya kliniki. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi.

2. Mbona upele unarudi?

Akina mama wengi huuliza hivi: "Nilinunua dawa, mbona bado?" Mtu anayepata upele mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kujikuna, na huku anaambukiza wengine. Ukimpaka mmoja, anarudi kulala na wenzake wenye wadudu. Hapo pesa imepotea bure.

3. Tufanye hivi

(a) Nyumba nzima ipakwe dawa usiku mmoja, hata baba asiyejikuna. Majirani wa ploti wenye upele wafanye vivyo hivyo.

(b) Dawa nyeupe ya BBE hupakwa mwili mzima kutoka shingoni hadi nyayo. Ya watoto hupunguzwa makali kwa maji. Kipimo muulize muuguzi. Mtoto mchanga na mama mjamzito wapelekwe kliniki kwanza.

(c) Nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Kama maji ni ya kununua kwa mtungi, zisizofulika zifungwe kwenye mfuko wiki moja. Mdudu akikosa mwili wa mtu hufa baada ya siku chache.

(d) Tusipake mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ni sumu.

Rudia dawa kama ulivyoagizwa, kwa sababu mayai yanaweza kubaki. Tukumbuke Naamani: aliambiwa aoge mara saba, na hakupona kwa mara ya kwanza. Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiisha, kwa hivyo usizidishe dawa.

4. Hatari yake

Vidonda vya kujikuna vikiingia usaha vinaweza kudhuru figo. Ukiona uso umevimba, au mkojo umekuwa kama chai ya strungi, kimbia hospitali. Shirika la Afya Duniani liliuweka upele kati ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017. Tusiusahau sisi.

Upele si aibu wala si uchafu. Hata mtoto anayeoga kila siku huupata. Anayeficha ndiye anayeueneza.

Maswali ya kikundi

- Ni nyumba ngapi kati yetu zina watoto wanaojikuna usiku?
- Tunaweza kuchanga tukanunua dawa pamoja?
- Tuchague usiku gani, sote tupake?