SOMO LA UFUNDI: Kung'arisha Rangi ya Gari Baada ya Msasa wa Maji



Kutoka Kericho na Litein hadi Sotik na Bomet, vijana wetu wengi wa jua kali wamejifunza kupiga gari rangi, tena wanapiga vizuri. Faida ya kikundi hupotelea siku ya mwisho, kwenye mashine ya polishi. Haraka ya dakika moja tu, na mlango mzima unarudi kupigwa spray upya. Gharama hiyo hutoka mfuko wa kikundi, maana mwenye matatu hatalipa mara mbili.

Kwanza tujue tunashika kitu gani. Klia, ile ya juu inayoonyesha kama kioo, mara nyingi ikikauka huwa na unene wa maikroni 40 hadi 60. Karatasi ya fotokopi ina karibu 100. Yaani kinga yote ya gari ni kama nusu ya karatasi, na msasa na mashine kazi yao ni kuipunguza. Hakuna polishi inayoirudisha. Fundi akisema atafunika mikwaruzo kwa polishi, anaifunika mpaka gari lioshwe mara mbili tatu.

Klia na ikauke kwelikweli. Kericho si Mombasa: tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, usiku ni baridi, na mvua ya alasiri tunaijua. Ongezeni muda kuliko ule ulioandikwa kwenye kopo. Jaribuni kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ukiacha alama, ngojeni kesho.

Sasa msasa. Loweka namba 1500 kwenye maji safi kwa dakika 15 hivi, na tone la sabuni. Uzungushie kipande cha mpira, kwa sababu vidole vitupu huchimba mifereji. Maji ya mto yasiyochujwa hayafai; punje moja ya mchanga yatosha kuharibu boneti. Sugua kidogo, pangusa, kausha, tazama. Ule uso wa ganda la chungwa ukiwa bado una vishimo vinavyong'aa, endelea. Ukififia wote sawasawa, acha. Kisha shika namba 2000 na usugue kwa kukatiza njia ya kwanza, ndipo utaona kama mikwaruzo ya 1500 imeisha kweli. Mwenye 3000 amalizie nayo. Hapa tumieni saa nzima kama inahitajika, kwa maana mkwaruzo mnaouacha, mashine italazimika kuufuata chini, na huko ndiko klia inakoungulia. Tazameni pia maji: yakiwa meupe kama maziwa, ni klia inayotoka. Yakianza kuwa na rangi ya gari, simama hapo hapo.

Kausheni gari na sakafu kabla ya kuleta stima. Waya uliochubuka na maji chini ni kifo, na waya upite begani.

Anzeni na pedi ya sufu, kompaundi kidogo, mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika. Weka pedi kwenye bati ndipo uwashe, usije ukajirushia dawa usoni. Fanya eneo dogo, nusu mita kwa nusu mita, na mashine isisimame mahali pamoja. Gusa kwa kiganja: vuguvugu ni sawa, lakini kama mkono hauvumilii, pumzika. Bampa la plastiki hushika moto upesi kuliko bati.

Kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti klia ni nyembamba zaidi, maana ikiwa mbichi hujivuta kuondoka hapo. Zibandikeni tepu, na mwisho mzipige kwa mkono. Kisha pedi ya sponji na polishi laini, mkague juani. Kibandani kila gari linapendeza.

Magari mengi yetu yalikuja yakiwa yametumika Japani, na huenda yalishang'arishwa huko. Likiletwa gari la namna hiyo lenye rangi yake ya zamani, mwambieni mwenyewe kabla ya kuanza kwamba klia iliyobaki haijulikani, na muandike kwenye daftari akiwa hapo.

Ya kujadili mkutanoni: Kwenu, ni nani aliye na ruhusa ya kumwambia mteja mwenye haraka kwamba gari halitoki leo?