SOMO LA 14: KICHWA CHA GARIMOSHI

Mwaka 1938, huko Uingereza, vilianza kuuzwa vichwa vya garimoshi vya kuchezea viitwavyo Hornby Dublo. Kimoja kilikuwa mfano wa kichwa halisi kiitwacho Sir Nigel Gresley, kilichoundwa mwaka 1937. Jina hilo ni la mhandisi aliyekibuni.

Sura ya vyote viwili ni moja. Lakini kile kidogo hushikika mkononi. Kile kikubwa kina urefu wa zaidi ya mita 21.

Nguvu zao pia ni tofauti. Kile kidogo kiliendeshwa kwa umeme, au kwa kutiwa ufunguo kama saa. Kile kikubwa huendeshwa kwa mvuke. Moto wa makaa ya mawe huchemsha maji ndani ya boila. Mvuke husukuma pistoni. Pistoni huzungusha magurudumu.

Angalia hatari iliyopo. Maji yakipungua mno, chuma kilicho juu ya tanuru hubaki wazi. Hupata moto na kulegea. Boila huweza kupasuka na kuua watu. Kwa hiyo mtia makaa hutazama daima kioo kinachoonyesha kimo cha maji. Kichezeo kikisahauliwa, husimama tu. Injini ya mvuke haisahauliwi.

Maswali
1. Mvuke hufanya kazi gani?
2. Kwa nini mtia makaa hutazama kioo?